Barua kwa Rehema kuhusu macho ya Salim

Tanga, Jumapili jioni

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima. Umeniuliza Salim anaendeleaje, na kwa nini siku hizi nasoma habari za vioo na nyota. Maswali yako mawili yana jibu moja.

Kliniki, Salim bado anasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho. Lakini jua likizama anatembea ameshika ukuta. Daktari alitueleza ni ugonjwa wa kurithi: seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zinakufa taratibu, zile za kuonea gizani zikitangulia. Kinachoniumiza ni kwamba ule ubao hausemi kitu. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya koni zake, seli za kuonea mchana, pale katikati ya retina, na herufi akaendelea kuzisoma vizuri.

Basi kwa nini zisihesabiwe? Mboni ni dirisha, retina iko nyuma yake. Ila konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na lenzi za kila mtu zina mabonde na vilima vyake, na koni za katikati ni ndogo mno: milimita 1 inabeba 400 hivi. Ukipanua mboni kwa dawa ili upate picha kali zaidi, kasoro hizo nazo zinazidi kuivuruga.

Ufumbuzi ulitoka kwa wataalamu wa nyota. Hewa huupotosha mwanga wa nyota njiani, ndiyo maana zinametameta, na mwaka 1953 Horace Babcock alipendekeza kioo kinachobadilika umbo ili kuunyoosha. Mwaka 1997 Junzhong Liang, David Williams na Donald Miller, wa Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani, wakalifanyia jicho vivyo hivyo. Nukta ya mwanga hafifu inatupwa kwenye retina. Ikirudi nje, lenzi ndogondogo zinapima mwanga ulivyopindishwa. Kisha visukumio 37 nyuma ya kioo vinakibonyeza hapa na kukiinua pale, mpaka mpindo wa kioo unaufuta mpindo wa jicho. Nilipoona picha za namna hiyo nilinyamaza kitambo. Koni za mtu aliye hai, mojamoja, zimepangana kama punje kwenye muhindi!

Mwaka 1999 Williams na Austin Roorda walitumia njia hiyo kupiga picha koni za wanaume wawili: mmoja koni zake za kuonea nyekundu na za kijani zinakaribiana kwa idadi, mwenziwe za nyekundu ni karibu mara nne ya za kijani, na wote wanaona rangi kawaida. Nikakumbuka tulivyogombana kuhusu rangi ya kanga ya bibi.

Kwa Salim maana yake ni kwamba koni zilezile zinaweza kupigwa picha leo na tena baada ya miezi kadhaa, ikajulikana zipi zimebaki. Dawa ikijaribiwa, haitabidi kungoja miaka mpaka mtu ashindwe na herufi. Mashine hizi nyingi bado ziko kwenye maabara za utafiti. Nimemweleza hivyo bila kumficha, akaniomba nimsomee tena pale pa visukumio.

Ukija Idi, panda basi la asubuhi. Anataka kukupokea stendi mwenyewe, kungali mchana.

Wako,
Zuhura