Laini ya simu nayo ifungwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye simu. Wengi wameweka alama ya kidole kwenye kioo, lakini laini iliyomo ndani wameiacha wazi. Kibaka akikwapua simu dirishani mwa daladala hahangaiki na kioo. Anachomoa laini, anaipachika kwenye kitochi, na tangu hapo kila ujumbe unaotumwa kwa namba yako anausoma yeye, zikiwemo namba za uthibitisho za benki na zile tarakimu 6 za kufungulia WhatsApp. Muda si mrefu ndugu zako wanaombwa hela kwa jina lako.

Kinachomzuia ni PIN ya laini, ambayo si ile ya pesa za simu wala ya kioo. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Usalama, utafute pa kufungia SIM kadi (simu nyingine wameificha chini ya mipangilio zaidi). Utaulizwa PIN iliyokuja na laini. Usibahatishe. Mara nyingi imechapwa kwenye kile kipande cha plastiki laini ilikobanduliwa, pamoja na PUK, namba ya tarakimu 8 ya kufungulia laini iliyojifunga. Kama ulikitupa, na wengi hukitupa palepale kwa wakala, piga 100 uulize kwanza. Ukikosea PIN mara 3 laini inajifunga mpaka uingize PUK, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa, hakuna fundi wa kuifufua. Ikishakubali, badilisha: bonyeza **04*, PIN ya zamani, nyota, PIN mpya, nyota, PIN mpya tena, kisha #. Hata kitochi kinakubali.

Mwaka wa kuzaliwa usiuweke. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Halafu mtu huyohuyo anachomeka kitambulisho ndani ya kava la simu! Mwizi anapata swali na jibu kwa mkupuo mmoja.

Tatizo ni kwamba PIN ya laini huulizwa simu inapowashwa au laini inapohamishwa tu. Simu ikiporwa huku inawaka itaendelea kupokea ujumbe, na nyingi huuonyesha juu ya kioo kilichofungwa. Kwa hiyo ingia sehemu ya Arifa uzuie maandishi yasionekane kabla ya kufungua kioo, na ndani ya WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya WhatsApp yenyewe. Usumbufu upo, sikatai: chaji ikiisha na simu ikawashwa upya, hakuna atakayekupata hadi uingize PIN. Kwa mzee anayesahau, PUK iandikwe na mtu wa nyumbani anayeaminika.

Simu ikiibwa, azima ya mtandao uleule upige 100, ufungishe laini na akaunti ya pesa. Watu wengi huanzia polisi, na foleni hiyo ndiyo inayompa mwizi nafasi. Polisi nenda baadaye ukiwa na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Ziandike leo, kwenye daftari. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na usiyoitambua ikafutwe dukani kwa mtandao husika.

Ombi langu kwa kampuni za simu ni dogo. Mawakala wao wamkabidhi mteja kile kipande cha plastiki badala ya kukiacha kizagae chini ya mwavuli, wamwonyeshe PIN na PUK zilipo. Haizidi dakika moja, na alama za vidole za kusajili laini zenyewe huchukua zaidi ya hapo.

Fundi simu,
Kariakoo, Dar es Salaam