Ami, huyo fundi mwambie asubiri

Ami, shikamoo.

Juzi kwenye simu ulicheka mpaka ukapaliwa. "Una nyumba Maskati, ina kiyoyozi kila chumba, ukaenda kulipa pesa ulale kwenye udongo?" Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, na najua wanao watakusomea.

Nililipa, ndiyo. Ni Misfat al Abriyeen, juu ya Al Hamra, kwenye milima ya Hajar, Oman. Gari unaliacha nje ya kijiji. Ndani ni ngazi za mawe na vichochoro vyembamba kuliko vya kwetu Malindi, Unguja. Nyumba zimekaa juu ya majabali kana kwamba zimeota hapo. Ya wageni ilikuwa nyumba ya ukoo, na wenyeji ndio wanaoiendesha. Godoro chini, choo cha kushirikiana, mto mgumu kama gogo (hapo ungecheka kwa haki). Lakini sikuwasha hata feni. Kuta zile ni nene, ukiingia kutoka juani unahisi umeingia kisimani.

Asubuhi nikaamshwa na maji. Unakumbuka babu akituambia kwamba kwao maji yana saa zake, nasi tukidhani ni uzee? Ni kweli, Ami. Falaj, yaani mfereji wa maji, inapita katikati ya kijiji, inashuka kwenye matuta ya mitende, migomba na ndimu, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Kipimo kinaitwa athar, kama nusu saa hivi. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Nilikaa ukingoni nikamwomba babu msamaha.

Baada ya 1970 zilipokuja barabara na umeme, wengi walihamia nyumba mpya, za zamani zikabaki na mchwa. Nyumba ya udongo isiyokaliwa, mvua haiihurumii. Walioamua kurudi kuzitengeneza wametumia vilevile vya wazee: mawe, udongo uliochanganywa na majani makavu, na magogo ya mitende darini. Mwaka 2021 Shirika la Utalii Duniani likakitaja kijiji miongoni mwa vijiji bora vya utalii, na siku hizi wageni wanapishana kwenye ngazi. Kwa wingi mno, ukiniuliza mimi. Bibi mmoja alifunga dirisha lake tulipopita, na sikumlaumu.

Sasa turudi Malindi. Umeniambia fundi anataka kubandua chokaa yote ya nyumba yetu apige saruji, "imalizike mara moja." Haimaliziki, Ami. Ukuta wetu wa mawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa. Saruji inaufungia ndani, chumvi inatafuta pa kutokea, na plasta inaanguka vipande vipande. Chumba cha bibi tulikipiga saruji, umesahau? Misimu mitatu tu tukaanza kuokota plasta kitandani. Na Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka upande, Desemba 2020, ni wewe uliyenipigia sauti ikitetemeka.

Nakuja Shaaban, inshallah. Chokaa ilowekwe kuanzia sasa, maana ikikaa muda mrefu ndiyo inakuwa nzuri, na boriti za dari zisiguswe mpaka nifike tuzigonge moja moja. Ile mifuko ya saruji uliyokwisha nunua mpe jirani, ana banda la kuku linalomlilia.