Yah: Malalamiko kuhusu zulia la sufu lililoharibika mikononi mwenu

Shanty Town, Moshi
14 Juni 2025

Meneja,
Kampuni ya Kusafisha Mazulia,
Moshi.

Ndugu Meneja,

Tarehe 3 Juni nilileta ofisini kwenu zulia moja la sufu, la futi sita kwa tisa, lililofumwa Iran kwa kufungwa fundo moja moja kwa mkono. Nililipa shilingi 90,000 na kupewa risiti, ambayo nakala yake naiambatanisha. Mpokeaji aliandika kwenye risiti hiyo, mbele yangu na kwa maneno niliyomtajia mwenyewe: "sufu, maji baridi, bila jiki." Tarehe 6 zulia lilirudishwa nyumbani kwangu likiwa limeharibika, na nilipowapigia simu nikaambiwa kwamba limezeeka tu. Barua hii ni jibu langu kwa kauli hiyo.

Ni kweli kwamba zulia ni la zamani. Bibi yangu alilinunua miaka ya 1970 kwa jirani zake waliokuwa wakihama Moshi, na tangu wakati huo limetunzwa na yeye, kisha mama, kisha mimi. Kila mwaka kabla ya masika tulilitoa nje, tukalilaza kifudifudi na kulikung'uta taratibu kwa nyuma, kwa sababu mchanga unaozama kwenye mashina ya manyoya ndio unaozikata nyuzi kila mtu anapokanyaga. Kila baada ya miezi sita tulilizungusha, upande wa dirishani ukaenda ukutani, ili jua lisiule upande mmoja peke yake. Zulia lililotunzwa hivyo halizeeki kwa siku tatu, na picha nilizolipiga asubuhi ile kabla ya kulileta kwenu, ambazo nazo naziambatanisha, zinaonyesha lilivyokuwa.

Lilifika likiwa limekunjwa kama shuka ndani ya mfuko wa nailoni, na nilipoufungua harufu ya koga ilitangulia kutoka. Manyoya yaliyokuwa yakilala upande mmoja kwa ulaini sasa yameshikana mabonge, magumu kama blanketi lililochemshwa. Upande mmoja umepungua sentimita nne, hivyo zulia halilali tena sawasawa sakafuni. Wekundu wa pindo umeingia kwenye maua meupe ya katikati, na matamvua ya mwisho mmoja yanakatika nikiyagusa tu.

Kijana aliyelileta, ambaye simlaumu hata kidogo na naomba asiadhibiwe kwa kusema kweli, alinieleza kwamba lilifuliwa pamoja na mazulia ya plastiki kwa maji ya moto na sabuni ya unga, likapitishwa mashine ya brashi inayozunguka, na matamvua yakamwagiwa jiki ili yawe meupe. Maelezo yake yanalingana na kila dosari niliyoiona. Sufu ni protini ileile iliyomo kwenye nywele na kucha zetu, na kila unyoya una magamba madogo. Ukipata joto, maji na msuguano kwa pamoja, magamba hayo hung'ang'aniana, na yakishang'ang'aniana hayaachani tena. Sabuni ya unga ya kufulia pamba ina ukali wa magadi unaoidhoofisha sufu na kuilegeza rangi. Jiki ni mbaya zaidi, kwa kuwa huimumunya sufu yenyewe. Kuhusu matamvua, inaonekana mafundi wenu huyahesabu kuwa pambo lililoshonewa mwishoni, ilhali kwenye zulia la mkono ni ncha za mtande, yaani nyuzi za pamba zilizobeba mafundo yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Yakikatika, zulia huanza kufumuka kutokea hapo.

Jambo lililoniumiza kuliko yote ni kwamba kipimo cha kuzuia hasara hii huchukua dakika chache. Kitambaa cheupe chenye unyevu kingebonyezwa juu ya kila rangi, na ile nyekundu ingejionyesha kabla zulia halijatiwa maji. Nilikifanya kipimo hicho mimi mwenyewe tarehe 7, na kitambaa kilitoka na wekundu pamoja na povu, maana yake hata kusuuza hamkumaliza. Mabaki hayo ya sabuni yatavuta vumbi. Unyevu nao, katika mwezi huu ambao Moshi hukaa siku nzima chini ya mawingu, ulihitaji zulia litandazwe penye hewa na kugeuzwa pande zote mbili hadi mtande wa pamba ukauke ndani kabisa, nanyi mkalifungia kwenye nailoni. Siku nilipolileta zulia kwenu nilikuwa nimebeba pia kanga mbili kuukuu za bibi, nikazirudisha nyumbani dakika ya mwisho. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mnirudishie shilingi 90,000 nilizolipa. Pili, mgharimie fundi wa mazulia ya mkono, tutakayekubaliana naye kwa pamoja, alikague zulia, azifunge ncha zinazofumuka, na akadirie kwa maandishi thamani iliyopotea, ili fidia ihesabiwe kutokana na makadirio hayo. Tatu, na hili ni la haraka kuliko mengine, mniandikie majina ya sabuni na dawa zote mlizotumia, kwa sababu fundi hawezi kuzisuuza salama bila kujua ni zipi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani (FCC), ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa jukumu la kumlinda mlaji. Kwa sasa zulia limetandazwa juu ya mabenchi barazani kwangu, mbali na jua, na nawakaribisha mje mlitazame siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Sitaruhusu liondolewe hapo wala liguswe na maji kabla sijapata orodha ya dawa hizo.

Wenu,
Mteja, Shanty Town