Mjomba, shamba la machungwa lisiuzwe

Birmingham, 28 Desemba 2025

Kwako mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, mkaza mjomba na wote hapo Muheza. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, ni baridi tu inayotuandama. Siku zile za mwisho wa Oktoba intaneti ilipozimwa huko sikupata usingizi mpaka niliposikia sauti yako.

Nimepata ujumbe wako kwamba unataka kuuza shamba la machungwa ili umlipe huyo wakala wa Tanga mjini, anayeahidi kumleta binti yako huku Uingereza kutunza wazee. Nimeona nisikujibu kwa sauti ya dakika mbili ya WhatsApp. Jambo ni zito, na wewe hupendi kuambiwa "usifanye" bila kuelezwa sababu.

Jibu lenyewe ni hili: usiuze hata mti mmoja. Njia ambayo wakala anakuuzia ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Tangu siku hiyo mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kumleta mtu mpya kutoka nje kuja kufanya kazi ya kutunza wazee, awe na cheti gani, ajue Kiingereza namna gani. Tuliobaki ni sisi tuliokuwa ndani tayari, na hata kwetu ruhusa ya kuhamia kwa mwajiri mwingine imewekewa kipindi cha mpito kinachoishia Julai 2028. Kwa hiyo kama wakala anakuonyesha barua ya udhamini ya kazi hiyo, hiyo karatasi ni ya kughushi. Na mtu anayetaka milioni zako kwa ajili ya "ada ya udhamini" anataka pesa ambayo kwa sheria za hapa ni mzigo wa mwajiri.

Sasa sababu, mjomba, maana hapo ndipo siasa zao zinapoingia.

Mlango huu waliufungua wenyewe. Ilikuwa Februari 2022, Boris Johnson akiwa Waziri Mkuu. Uingereza ilikuwa imejitoa Umoja wa Ulaya, Wazungu wa Ulaya Mashariki waliokuwa wakifanya kazi hizi hawaji tena, korona imewachosha waliobaki, na nafasi zilizokosa watu kwenye utunzaji wa wazee na wagonjwa zilipita 160,000. Wakatuita. Nigeria, Zimbabwe, India, Ghana, na sisi wachache kutoka Tanzania. Baadaye hesabu ya wahamiaji ikapanda hadi kupita 900,000 kwa mwaka ulioishia Juni 2023, ukishatoa walioondoka, na chama cha Conservative kikashtuka. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 wakapiga marufuku mtunza wazee mpya kuja na mume, mke au watoto. Mimi niliingia kabla ya hapo, ndiyo maana wanangu wako nami. Wenzangu waliokuja baadaye wanawalea watoto wao kwa simu.

Uliniuliza inakuwaje chama kishinde uchaguzi kwa kishindo, halafu kwa mwaka mmoja kionekane kinayumba. Tarehe 4 Julai 2024 chama cha Labour cha Keir Starmer, ambaye ndiye akawa Waziri Mkuu, kilipata viti 411 kati ya 650 vya bunge. Lakini kura zake hazikufika asilimia 34. Huku kila jimbo linamchukua anayeongoza hata kwa kura moja, na kura za waliomfuata hazihesabiki popote. Reform UK, chama cha Nigel Farage kinachopinga uhamiaji, kilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura kikaambulia viti vitano tu. Labour ni kama mchungwa uliozaa kupita nguvu za matawi yake. Wewe unajua mti wa namna hiyo unavyotakiwa kuwekewa nguzo mapema. Na wabunge wengi wa Labour wanajua kwamba upepo kidogo tu unawaangusha. Mei 2025, kwenye uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby, jimbo lililokuwa la Labour, Reform ilishinda kwa kura sita. Sita, mjomba! Siku hiyo hiyo ikachukua halmashauri kumi za Uingereza. Tangu hapo kura za maoni zinaiweka Reform mbele, na serikali imekuwa ikitunga sera huku inamtazama Farage.

Hapa ndipo ninapopingana nao, na nakuambia yale ninayoyaona kila siku kazini.

Kuna bibi ninayemhudumia asubuhi. Namwogesha, namvalisha, nampa dawa na chai. Maisha yake yote ameipigia kura Labour. Aliacha kuipenda mwezi ule ule walioingia madarakani, Julai 2024, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alipotangaza kwamba msaada wa kupasha nyumba joto wakati wa baridi, pauni 200 hadi 300, utabaki kwa wazee maskini kabisa tu. Wazee karibu milioni kumi walipoteza pesa hiyo msimu ule. Bibi huyu alizidi kiwango kidogo mno. Nilikuwa nikimkuta amejifunika blanketi mbili, hataki niwashe hita. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma, sasa anapata kila mzee mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka, lakini kwake imani ilikuwa imekwisha. Mwaka huu ananiambia kura yake atampa Farage.

Ukimsikiliza bibi huyu kwa utulivu, hasira yake ni ya baridi, ya daktari asiyepatikana, na ya taka. Jiji letu hili lilitangaza Septemba 2023 kwamba limeishiwa, haliwezi kusawazisha mapato na matumizi, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya deni la wanawake waliolipwa kidogo kuliko wanaume kwa miaka mingi, na mfumo wa kompyuta ulioharibika. Kodi ya halmashauri ikapandishwa karibu asilimia kumi mwaka 2024, ikapandishwa tena kwa asilimia saba na nusu mwaka 2025. Huku wazoa taka wakaanza mgomo wa moja kwa moja tarehe 11 Machi 2025, na mpaka leo ninapoandika haujaisha. Kuna wakati mifuko ilijaa barabarani mpaka panya wakubwa wakawa wanatembea mchana. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo inayolipia huduma ya wazee wasio na uwezo, kwa hiyo ikibanwa, dakika zangu na bibi zinakatwa. Mtu anayelipa zaidi kila mwaka na kuona taka mlangoni ana haki ya kukasirika. Wahamiaji hawakuleta lolote katika hayo. Serikali yenyewe inajua: kwa takwimu zilizotoka Novemba, hesabu ya wahamiaji imeshuka hadi 204,000 kwa mwaka, chini ya robo ya ile ya 2023. Imeshuka, na Reform bado inapanda.

Sisemi kwamba hakuna anayekerwa na ujio wetu. Wapo, na wengine si watu wabaya. Wameona mitaa yao inabadilika haraka na hakuna aliyewauliza. Hao wanastahili kusikilizwa. Lakini kusikilizwa si sawa na kupewa mtu wa kulaumiwa.

Tarehe 20 Novemba Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akatoa mapendekezo ya ukaazi wa kudumu. Mpaka sasa mtu mwenye viza kama yangu anafanya kazi miaka mitano, analipa kodi, hatendi kosa, kisha anaomba kibali cha kudumu. Sasa wanataka kawaida iwe miaka kumi, na kwa kazi zisizohitaji shahada, kama ya kutunza wazee, miaka kumi na tano. Pia wanataka iwaguse walio ndani tayari. Mimi nilikuja 2023 nikiwa nimehesabu hadi 2028. Sasa ninaambiwa 2038. Mwanangu mkubwa ana miaka tisa.

Wanasema mtu anaweza kupunguza miaka hiyo. Aliyelipa kodi ya kipato cha zaidi ya pauni 50,270 kwa miaka mitatu anapunguziwa miaka mitano. Anayepata zaidi ya 125,140 anapunguziwa saba. Mjomba, kima cha chini cha mshahara wa viza yangu ni pauni 25,000. Hata nikifanya zamu za usiku na Jumapili zote sifiki hizo 50,270, kwa sababu serikali na halmashauri ndizo zinazoamua kazi hii ilipwe kiasi gani. Kujitolea bila malipo pia kunapunguza miaka. Kumgeuza mzee kitandani saa tisa ya usiku hakupunguzi kitu. Hili linaniuma kuliko yote.

Jimbo letu ni Birmingham Ladywood, na mbunge wake ni huyo huyo Mahmood. Wazazi wake walitoka Pakistan. Uchaguzi wa 2019 alishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 28,000. Mwaka 2024 ikabaki chini ya 3,500. Ni mwanamke mwenye akili na msimamo, na anaamini kwamba asipokaza yeye, watakuja wakatili zaidi. Namwelewa anachoogopa. Septemba Farage alitangaza kwamba chama chake kitafuta kabisa ukaazi wa kudumu, hata kwa walioupata, na Starmer akasema kwenye BBC kwamba sera hiyo ni ya kibaguzi. Alisema kweli. Mapendekezo ya serikali hayawagusi waliokwisha kupata, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kubadili masharti katikati ya safari kwa watu walioitikia wito wa serikali ni kuvunja ahadi, na ahadi ni ya nchi, haifi chama kinapotoka madarakani.

Na sisi Watanzania inatukata zaidi. Mkenya akifika mwisho anachukua uraia wa Uingereza na kubaki Mkenya. Sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Nikichukua pasi yao nimeacha ya kwetu. Kwa wengi wetu ukaazi wa kudumu ndio kituo cha mwisho, ndio unaotuwezesha kuishi huku na kubaki wa Muheza. Pendekezo jingine linataka ruzuku za serikali ziwe za raia tu, hata kwa mwenye ukaazi. Maana yake mtu atalipa kodi miaka ishirini, aumie mgongo kwa kunyanyua wagonjwa, na asiwe na haki ya msaada kwa sababu amekataa kuikana Tanzania.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Kwenye bajeti ya Novemba walifuta sheria ya 2017 iliyozuia ruzuku kwa mtoto wa tatu, kuanzia Aprili 2026. Haitunufaishi wenye viza, lakini ninaingia kwenye nyumba zenye watoto hao na ninajua friji zao. Na sheria mpya ya ajira iliyopita mwezi huu inaweka msingi wa makubaliano ya mishahara kwa watunza wazee wote, ingawa utekelezaji unatajwa kuanza 2028. Hapo ndipo palipo dawa: ilipeni kazi hii vizuri, Waingereza wenyewe wataifanya, na sisi tutaacha kutumiwa kama nguvukazi ya bei rahisi.

Unajua nina kura huku? Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anapiga kura zote, za bunge na za halmashauri, na pasi ya Tanzania inakubalika kituoni kama kitambulisho. Wabeba boksi wenzangu wengi hapa ughaibuni hawalijui hilo. Mei 2026 Birmingham inachagua madiwani, na jina langu limo kwenye daftari. Maoni kuhusu ile miaka kumi na tano yanapokelewa hadi tarehe 12 Februari. Nimepeleka yangu, na kila Jumapili baada ya ibada nakaa na wenzangu tunajaza ya kwao mmoja mmoja.

Sasa kuhusu binti yako, mdogo wetu. Alifaulu sayansi. Mpeleke akasome uuguzi hapo hapo hospitali ya Teule, Muheza, ada tugawane mimi na wewe, nimeshaongea na mume wangu na ameridhia. Manesi waliosajiliwa bado wanahitajika huku, na mapendekezo yanawaachia wale wa hospitali za serikali miaka yao mitano. Hata asipokuja kamwe, atakuwa na kazi yake na heshima yake kwenu.

Nipigie picha karatasi zote alizokupa wakala na unitumie kabla hujampa hata shilingi. Kama umempa kianzio, niambie kiasi gani na lini, tutaripoti polisi. Msalimie mkaza mjomba, mwambie yale mashuka nimeyapata. Bibi yule wa asubuhi anaulizia machungwa yetu yanaivaje na rangi ya kijani; ukipata nafasi nirekodie video ya msimu huu nimwonyeshe.

Mpwa wako akupendaye