Ukatili usioacha alama

Mhariri,

Jumamosi jioni nilisimama na umati Mwembeyanga, Temeke, kumtazama dada mmoja akiigiza bila kusema neno. Alikaa kwenye kigoda akimenya vitunguu. Simu ikaita, akashtuka, akafuta machozi haraka, akapokea huku akijilazimisha kutabasamu. Akarudi kumenya. Ikaita tena. Ilipofika mara ya sita hakuna aliyekuwa akicheka. Kisha akahesabu chenji ya sokoni, sarafu moja moja, kama mtu anayejibu mashtaka. Mama aliyesimama kando yangu alijifunika uso kwa kanga.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenzi, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini anayepekuliwa simu kila usiku, anayenyimwa hela ya matumizi, anayetukanwa mbele ya wanawe, ataonyesha jeraha gani? Sisi majirani tunasema "mambo ya ndani hayo" na kufunga dirisha. Mimi nimelifunga.

Naomba manispaa ziwape wasanii kama dada huyu viwanja vya wazi bila malipo, hasa uswahilini, jioni wanaume wakiwa wamerudi kutoka kazini. Siku ile wanaume tulikuwa wachache mno.

Mkazi wa Tandika,
Dar es Salaam