Kabla hujaniita nikupakie rangi jikoni, osha wavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme machache kuhusu makala yenu ya kupendezesha jiko dogo, ile iliyokuwa na picha ya makabati meupe, marumaru hadi darini na bakuli la malimau mezani. Mke wangu ameikata na kuibandika kwenye friji, kwa hiyo naiona kila nikifungua kuchukua maji. Mimi ni fundi rangi, makazi yangu Tandika, na kazi zangu nyingi ziko Temeke, Mbagala na Yombo. Majiko ninayoingia mimi ni ya mita 2 kwa mita 2 na nusu, na si machache kati yake yalikuwa kipande cha korido mpaka mwenye nyumba alipoinua ukuta ili apate mpangaji mwingine. Humo hakuna pa kuweka bakuli la malimau. Ukipata pa kuweka mguu, shukuru.

Mwandishi wenu anashauri mtu aanze kwa kununua. Mimi nasema aanze kwa kutoa na kuosha, na mwisho kabisa, kama haja bado ipo, ndipo amwite fundi. Najua najichongea kwenye riziki, lakini nimechoka kupaka rangi juu ya masizi.

Nianze na dirisha. Nyumba zetu zina nondo, na nyuma ya nondo kuna wavu wa mbu uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Jikoni wavu huo unapokea mvuke wa mafuta ya kukaangia kila jioni, halafu vumbi la barabarani linakuja kunasa palepale. Miaka miwili mitatu ikipita matundu yameziba, umebaki na kitu cha kahawia kinachonata vidole. Mama mmoja wa Mtoni aliniita akiwa ameshanunua galoni ya rangi. "Fundi, nipigie nyeupe tupu, jiko langu ni kaburi." Nikamuuliza wavu umeoshwa lini mara ya mwisho. Akanitazama. "Kwani wavu unaoshwa?"

Tuliung'oa pamoja na fremu yake, tukaulaza uani, tukaumwagia maji ya moto yenye sabuni ya unga na magadi, tukaufunika kwa gunia lililolowana ili usikauke haraka. Baada ya nusu saa nilisugua kwa brashi ya kufulia, kwa mkono mwepesi maana wavu uliozeeka unachanika. Yaliyotoka sitayaeleza kwenye gazeti linalosomwa mezani. Ulipokauka tukaurudisha, naye akasimama katikati ya jiko akiwa na pakiti ya unga wa ngano mkononi, anasoma tarehe ya mwisho wa matumizi bila kuwasha taa. Rangi yake aliirudisha dukani. Mimi nilipata chai na vitumbua.

Tahadhari moja hapo: kama wavu ni wa alumini, magadi weka mbali, tumia sabuni peke yake. Magadi huila alumini, ndiyo maana sufuria hubadilika rangi ukiyachemshia humo.

Ukishamaliza dirisha, inua macho. Watu huhangaika na kuta na kusahau dari, wakati dari ndiyo inayopokea mwanga wa dirishani na kuurudisha chini. Nyumba ambayo haina dari, mabati na papi zake huwa nyeusi tii kwa moshi. Wapo wanaoshona viroba vya sandarusi na kuvitandaza juu viwe dari. Chumbani sina neno, ila jikoni naomba msifanye hivyo kabisa: sandarusi juu ya moto ni kukaribisha msiba. Afadhali kumwomba mwenye nyumba abadilishe bati moja, aweke lile la plastiki linalopitisha mwanga, mbali na pale moto unapokaa. Bati moja tu linatosha kwa jiko la ukubwa huo, na saa sita mchana utajiuliza taa ulikuwa ukiiwashia nini.

Sasa ukuta. Masizi yaliyochanganyika na mafuta hayafunikwi kwa rangi ya maji. Ukipaka leo, ukuta utang'aa wiki chache, kisha madoa ya kahawia yatapenya na kujitokeza juu, na pembeni rangi itaanza kubanduka kwa sababu ilishika mafuta, haikushika plasta. Mafundi wengine wanalijua hilo na wanapaka vilevile, maana mteja akirudi ni kazi nyingine. Kuta zinataka kuoshwa kuanzia chini kwenda juu, maana ukianza juu maji machafu yanateremka kwenye ukuta mkavu na kuacha michirizi migumu kutoka. Suuza kwa maji safi, acha zikauke vizuri, na msimu wa masika wa Dar es Salaam hiyo inaweza kuwa siku nzima au mbili. Kama utapaka rangi ya maji, madoa yaliyogoma yapake kwanza andakoti ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia, hapo hapo yalipo, si lazima ukuta mzima.

Baada ya hapo ushauri wangu utawashangaza wanaouza rangi: chokaa. Kazi hii nilijifunza Mji Mkongwe, Unguja, kwa fundi wa chokaa, kabla UNESCO haijauingiza mji ule kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba zile kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe, madirisha si mengi na vichochoro ni vyembamba, lakini ndani ulikuwa unaona vizuri kwa sababu kila mwanga ulipogusa palikuwa peupe. Hata vidaka vya ukutani, ambavyo bibi zetu waliwekea vyombo na kibatari, vilipakwa chokaa ndani, hivyo moto mdogo wa kibatari uliangaza chumba. Nawaambia wateja wangu kwamba kidaka kilikuwa shelfu na taa kwa pamoja, tena bila kutokeza hata inchi moja kukugonga kichwa.

Chokaa ya mfuko ni rahisi kuliko rangi ya dukani, na ukungu hauipendi. Imimine kwenye ndoo ya maji, iloweke usiku kucha, asubuhi koroga na uichuje kwa kipande cha kanga kuukuu. Tia konzi ya chumvi ili ishike vizuri ukutani. Ukuta uloweshe kwanza kwa brashi ya maji. Hapa ndipo wateja hunikasirikia: mkono wa kwanza, yaani ukipaka mara ya kwanza, ukiwa mbichi unadhani hujapaka kitu, ukuta ni uleule, na mtu anaanza kuwaza kwamba fundi amemwibia. Ngoja ikauke. Weupe unatoka taratibu, na mkono wa pili, mwembamba vilevile, unaumaliza. Paka nyembamba, nzito inapasuka na kudondoka vipande vipande kwenye mboga. Vaa kitu machoni, na watoto wakae mbali, kwa sababu chokaa ikiingia jichoni inaunguza kweli. Na kama ukuta wako ulishapakwa rangi ya mafuta, sahau, chokaa haitashika hapo.

Ubaya wa chokaa ni kwamba ukiiegemea inakupaka mgongoni. Kwa hiyo sehemu ya chini, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, na ukuta wa nyuma ya jiko la kupikia, hapo ndipo pa kutumia rangi ya mafuta, ambayo inafutika kwa kitambaa. Kwa jiko la ukubwa nilioutaja, lita moja kwa kila sehemu inatosha. Anayetaka rangi ya maji badala ya chokaa ajue kwamba lita 1 ya rangi nzuri hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, na kuta za jiko hilo ni kama mita za mraba 22 ukitoa mlango na dirisha. Kwa mikono miwili hata kuta zote ukizipiga rangi ya maji, galoni ya lita 4 na kopo dogo la nyongeza vinatosha. Fundi akikwambia ununue ndoo ya lita 20, muulize inayobaki inaenda kupaka jiko la nani.

Kuhusu taa sina mengi. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60, na umeme wa LUKU unakaa zaidi. Ila holda imefungwa katikati ya dari na meza ya kukatia iko ukutani, kwa hiyo mpishi anakata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Ihamishie ukutani juu ya meza. Na futa balbu, ikiwa imezimwa na imepoa.

Nimefika kwenye vyombo, na hapa najua nitagusa watu. Jiko la futi chache linabeba vyombo vya watu arobaini. Vinatoka wapi? Kwenye kicheni pati bibi harusi anapewa hotipoti seti tatu, masinia, glasi zenye ua la dhahabu. Halafu kuna mchezo wa vyombo: zamu yako ikifika wenzako wanakununulia seti ya masufuria saba, na mwakani tena saba. Nimewahi kuhamisha vitu vya jiko moja la Mbagala ili nipate kupaka. Sufuria lililopikiwa kweli lilikuwa moja, limepinda kitako, na juu ya kabati kulikuwa na maboksi hadi darini, yameziba yale matofali ya matundu ya kupitishia hewa na mwanga. Mwanga ulikuwa unakatwa na hotipoti ambazo hazijawahi kuona wali.

Ndoo tupu za rangi nazo nazitaja kwa sababu ni mimi ninayeombwa. "Fundi, hiyo ukimaliza niachie." Ninaacha. Nikirudi baada ya mwaka naikuta imewekwa juu ya nyingine nne, ya juu ina vifuniko vya ndoo ambazo hazipo. Nyuma ya mlango wa jiko la dada yangu bado kuna fungu la ile mifuko ya plastiki ya rambo iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Anasema itakuja kufaa.

Mke wangu, ambaye haikubali barua hii yote, kwenye hili tuko pamoja. Kikundi chao cha kina mama wa mtaa kiliamua masufuria makubwa na masinia ya shughuli yakae kwa mwenzao mwenye stoo, yawe ya kikundi, na mwenye shughuli anakuja kuyachukua na kuyarudisha yakiwa yameoshwa. Wasio wa kikundi wanalipa. Jikoni kwetu kilichobaki ni kile tunachokula nacho, pamoja na hotipoti mbili za wageni. Kinu na mbuzi ya nazi viko uani chini ya paa, na kichanja cha kuanikia vyombo nimekirudisha nje kwenye jua, kama mabwana afya walivyokuwa wakituhimiza tangu zamani. Kanuni niliyomwekea mteja mmoja aliyenililia ilikuwa hii: kinachotumika kila siku kitundikwe kwenye msumari, kinachotumika kwa wiki kiwe kabatini, kinachongoja harusi kisiwe jikoni. Alibishana nami kuhusu chupa tano za chai. Tukamalizana kwa mbili.

Lakini msije mkapanga vitu hadi kuziba matundu ya hewa, wala msiyajaze matambara kwa kuogopa panya. Wekeni wavu wa chuma. Anayepikia mkaa kwenye chumba kilichozibwa anavuta gesi isiyo na harufu inayoua. Anayepikia mtungi naye ajue gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwa hiyo nafasi ya chini ya mlango isizibwe. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mimi mkakati huo nausoma kwenye kuta: aliyehamia gesi ananiita kwa sababu ya manjano ya mafuta, wa mkaa uliowashwa kwa plastiki ananiita kwa sababu ya weusi, na weusi ndio unaokula sabuni.

Mwisho, wenye nyumba. Kuna mpangaji wangu mmoja, yaani mteja, alilipa kodi ya miezi sita, akaosha, akapaka, akabadilisha bati. Jiko likawa la kupiga picha. Miezi sita ilipokwisha baba mwenye nyumba alikuja, akatazama, akasifu, akapandisha kodi. Mpangaji mwenye akili sasa anaandikiana na mwenye nyumba kabla ya kushika brashi: bati na rangi vinakatwa kwenye kodi, na bei haibadiliki mpaka tarehe fulani, na mjumbe anatia saini kama shahidi. Karatasi hiyo ni ya bure, na mimi siku hizi sianzi kazi kwenye nyumba ya kupanga bila kuuliza kama ipo.

Mkitaka kuandika tena kuhusu majiko madogo, mtumeni mpiga picha wenu Tandika siku ya Jumamosi asubuhi. Nitamwonyesha matatu, moja halijaoshwa, moja limeoshwa tu, na moja limepakwa chokaa, na wenyewe wameshakubali yapigwe picha mradi vyombo vya ndani ya makabati visionyeshwe.

Fundi rangi,
Tandika, Dar es Salaam