Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Haut-Katanga: funza wasimwagwe tena

Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka Mkuu katika Mahakama ya Rufaa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni ng'ombe, mbuzi na nguruwe, wazima na waliokufa, na hao waliokufa ndio walionifanya nikuandikie. Nakuomba utoe agizo kwamba mwili wa mtu ukiokotwa umeanza kuoza, funza waliomo wasimwagwe kabla sampuli haijachukuliwa.

Hali ya sasa unaijua. Mwili unaokotwa porini au ndani ya nyumba iliyofungwa, watu wamejaa, harufu imezidi, kila mmoja anataka kazi iishe. Ukifika chumba cha maiti, kinachotangulia ni maji na dawa. Nimeona kwa macho yangu ndoo ya funza ikimwagwa chooni, huku OPJ, yaani afisa wa upelelezi, akiandika kwenye PV, taarifa yake rasmi, kwamba marehemu "amekufa siku nyingi". Siku nyingi ni ngapi? Aliyekuwa na jibu amekwenda na maji.

Nzi wa kijani na wa buluu wanaong'aa, wale wale wanaosumbua wauza nyama sokoni, huufikia mzoga mapema sana, mara nyingi dakika chache baada ya kifo kama ni mchana na hakuna kizuizi. Hutaga kwenye macho, pua, mdomo na majeraha. Yai linatoa funza, funza anajivua ngozi mara mbili, akishiba anauacha mzoga na kujichimbia udongoni. Huko ngozi yake inakuwa ganda gumu la kahawia, na ndani ya ganda anageuka nzi. Hakuna hatua inayorukwa. Kasi yake inaamuliwa zaidi na joto, kwa hiyo anayejua aina ya nzi, hatua aliyofikia na joto la mahali pale anaweza kurudi nyuma kwa hesabu mpaka siku mayai yalipotagwa.

Na hatua hiyo inaonekana, Mheshimiwa. Mgeuze funza umtazame nyuma kwa hadubini ya kawaida ya shule. Utaona vibamba viwili vya kupumulia. Funza wa hatua ya pili ana mipasuko miwili kwenye kila kibamba, wa hatua ya tatu ana mitatu. Mbele, kwa kuwa ngozi yake inapitisha mwanga, utaona kifuko cheusi cha chakula. Kikiwa kimejaa, bado anakula. Kikiwa kimepungua, yuko karibu kuondoka.

Niliwahi kuitwa kwenye shamba moja upande wa Kipushi. Ng'ombe amekufa, na mchungaji aliyeanza kazi siku mbili tu kabla alikuwa ameshafungwa kamba kwamba yeye ndiye aliyemuua. Nilichimba udongo pembeni ya mzoga kwa kijiko. Sentimita chache chini yalikuwepo maganda ya kahawia, madogo kama punje za mchele. Nzi hawezi kutoka kwenye yai mpaka kwenye ganda lile kwa siku mbili. Mchungaji alifunguliwa kamba jioni ile ile. Kama ushahidi huo unatosha kwa ng'ombe, kwa nini tumnyime binadamu?

Hoja hii si mpya. Mwaka 1850, katika mji wa Arbois huko Ufaransa, fundi aliyekuwa akitengeneza sehemu ya moto ya nyumba alikuta maiti ya mtoto mchanga iliyokauka. Waliokuwa wakikaa humo wangeweza kuangukiwa na kesi. Daktari Bergeret aliwatazama wadudu waliokuwa mwilini, akaeleza kwamba maiti ilikuwepo tangu 1848, kabla watu hao hawajahamia. Mwaka 1935, huko Scotland, Alexander Mearns alichunguza funza waliokutwa kwenye viungo vya wanawake wawili, akakadiria umri wao kuwa siku 12 hadi 14. Makadirio hayo yaliungana na ushahidi mwingine mpaka daktari Buck Ruxton akahukumiwa kwa mauaji.

Lakini Bergeret alihesabu akiamini kwamba wadudu wale huchukua karibu mwaka mzima kukamilisha kizazi, na leo tunajua si hivyo. Ndiyo maana sitaki tuchukue jedwali la Ulaya tulibandike Lubumbashi. Hapa usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto hushuka chini ya digrii 10, na mchana wa mwezi wa kumi hupita 30. Tena tuna Chrysomya albiceps, nzi aliyeenea Afrika, ambaye funza wake ana vijinyama vilivyochongoka mwili mzima na huwala funza wenzake. Wakizidi, wanaweza kuwamaliza waliotangulia kufika, na hao waliotangulia ndio wenye tarehe tunayoitafuta. Kila siku mwili unapoachwa ukisubiri gari, ushahidi unaliwa.

Vifaa ni vya bei ndogo: chupa, kibano, alkoholi, kipimajoto, na kalamu ya risasi kwa sababu wino hufutika kwenye alkoholi. Wachukuliwe funza wakubwa kabisa, pamoja na waliojificha udongoni. Nusu watiwe kwenye maji ya moto kwa nusu dakika, ndipo waingie alkoholini, la sivyo wanasinyaa na urefu wao haupimiki. Nusu wabaki hai, na kipande cha ini la mnyama na mchanga, mpaka watoke nzi tuwatambue vizuri. Joto la kundi la funza lipimwe pia, maana wakisongamana wanaweza kupita joto la hewa kwa digrii 10 au zaidi. Saa mwili ulipoingia kwenye baridi iandikwe, na kila saa umeme ulipokatika.

Siahidi kwamba funza atataja saa ya kifo. Anataja muda mfupi kuliko wote ambao mwili umekuwa wazi kwa nzi. Usiku hutaga kwa nadra, mvua kubwa huwazuia, turubai huwachelewesha. Avoka (wakili) mzuri atauliza hayo, na mtaalamu lazima awe na jibu. Kwa familia, hakuna nyama ya marehemu inayokatwa. Mwili utaoshwa na kilio kitaendelea.

Ofisi yako inaweza kumwita mtaalamu kwa rekizisyo, yaani agizo la maandishi, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina vitivo vya tiba, vya mifugo na vya kilimo. Tupewe kibali cha kuweka mizoga ya nguruwe wa kilo 20 hivi kwenye uwanja wenye uzio, mbali na nyumba za watu, kiangazi na masika, tupate vipimo vyetu wenyewe. Kuwafundisha OPJ niko tayari bila malipo, na mizoga ya mafunzo nitaileta mwenyewe. Naomba agizo lifike kwenye parke (ofisi za waendesha mashtaka) za Lubumbashi, Kipushi na Likasi kabla mvua hazijaanza, ili vipimo vya kiangazi cha mwaka huu visitupite.

Wako kwa heshima,
Daktari wa mifugo, Komine ya Katuba, Lubumbashi